Mkoba wa Wenyeji na Mkono wa Serikali

Liko neno linalorudiwa mara kwa mara katika madarasa na katika mabaraza ya wasomi, nalo ni kwamba serikali ya kikoloni, pamoja na dhambi zake zote, ilikuwa na fadhila moja: iliwafundisha wenyeji kushika fedha zao. Wasemao hivyo hutaja jumuiya za wilaya za Wajerumani, hazina za wenyeji za Waingereza, na baraza la mji wa Dar es Salaam. Husema kuwa mkoloni aliugawa mkoba, akawapa watu wa majimbo na wilaya sehemu yao, na kuwa serikali huru ndiyo iliyokuja kuukusanya tena mahali pamoja. Neno hili lina sauti ya elimu, na kwa sababu hiyo lina hatari. Likiaminiwa, mkazi wa Temeke au wa Kinondoni aulizaye leo kodi yake imekwenda wapi ataambiwa akajifunze kwa babu zake waliotawaliwa. Ni lazima lipimwe, na likionekana pungufu likataliwe.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kuchukua fedha si kumiliki fedha. Mtumishi atumwaye sokoni hubeba kikapu na mkoba wa bwana wake, hurudisha baki, na huulizwa hesabu asubuhi na jioni. Lakini hapana mwenye akili asemaye kuwa mkoba ule ni wa mtumishi. Mwenye mkoba hujulikana kwa mambo matatu. La kwanza, ana sauti katika kuamua kodi itozwe nani na kwa kiasi gani. La pili, hupanga mwenyewe jambo lipi litangulie na lipi lingoje. La tatu, nalo ndilo kubwa, anaweza kusema hapana: akakataa makadirio yaliyoandikwa vibaya, akadai daftari lifunguliwe, akamwondoa aliyeshindwa kutoa hesabu. Pasipo haya matatu, kilichogawanywa si madaraka bali ni kazi. Ukoloni katika Tanganyika uligawa kazi kwa ukarimu mwingi. Madaraka uliyatia kufuli.

Mfano wa kwanza wapatikana Dar es Salaam yenyewe na katika vijiji vilivyoizunguka. Kodi ya vibanda iliamriwa na Wajerumani mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata, rupia 3 kwa mwaka kwa kibanda cha shamba. Makadirio makubwa ya koloni yalipitishwa na bunge la Berlin, mahali ambapo sauti ya Mzaramo haikufika. Mwaka 1901 serikali ikaunda jumuiya za wilaya, ikazipa sehemu ya mapato ya kodi ili zitengeneze barabara na kutimiza mahitaji mengine ya wilaya. Katika karatasi, huu ulikuwa ugawaji wa fedha usio na kasoro: kodi imetoka wilayani, na sehemu yake imebaki wilayani. Lakini barazani aliketi Bwana Shauri, na pamoja naye wajumbe wa kuteuliwa, wengi wao Wazungu wenye mashamba na biashara. Waliolipa kodi ya vibanda walikuwa watu wa namna moja, na waliopanga matumizi yake walikuwa watu wa namna nyingine.

Jumuiya ilipokwisha kupata mfuko, ilitamani kuujaza. Tangu mwaka 1902, katika zama za Gavana von Götzen, wilaya ya Dar es Salaam ilifanywa mahali pa kujaribia mashamba ya pamba ya jumla. Mahali ambapo leo pana mitaa ya Temeke na Mbagala palikuwa vijiji na mashamba ya wilaya hiyo. Katika maeneo ya majumbe yalilimwa mashamba ya pamba, na wenyeji wakalazimishwa kufanya kazi humo siku 28 kwa mwaka. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: fungu la jumuiya ya wilaya, fungu la jumbe, na fungu la wafanya kazi wote. Fungu hili la mwisho, likigawanywa kwa vichwa, lilikuwa dogo hata wengine walikataa kulipokea. Hesabu hii ya mafungu matatu yafaa isomwe na kila mwanafunzi wa fedha za serikali. Sura yake ni ya ushirika, na moyo wake ni wa shokoa. Wilaya ilipata mapato yake yenyewe, kama wasemavyo wasifu wa ukoloni. Lakini iliyapata kwa jasho la watu ambao wilaya hiyo haikuwauliza neno hata moja.

Mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete, katika nchi ya Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Majimaji vikawaka. Sababu za vita vile ni nyingi, wala haifai kuzifunga zote katika tita moja la pamba. Hata hivyo hapana anayeweza kuzieleza bila ya kuyataja mashamba ya jumla na kodi. Uzaramo nao uliingia vitani, na Kibasila, kiongozi wa Wazaramo, alinyongwa; jina lake leo limo katika shule ya sekondari ya Chang'ombe, Temeke. Mwaka 1909, Gavana akiwa von Rechenberg, jumuiya za wilaya zilivunjwa, isipokuwa zile za miji ya Dar es Salaam na Tanga. Zilivunjwa kama zilivyoundwa, yaani kwa amri. Wenyeji ambao fedha zao ndizo zilizokuwa roho ya jumuiya hawakuulizwa zilipozaliwa, wala hawakuulizwa zilipozikwa. Je, chombo cha namna hiyo chaweza kuitwa shule ya kujitawala?

Waingereza walikuja na lugha laini zaidi. Sir Donald Cameron, aliyekuwa amekwisha kutumika Nigeria, alifika kuwa Gavana mwaka 1925. Mwaka uliofuata nchi iligawanywa katika majimbo 11, na sheria ya mamlaka ya wenyeji ikatolewa. Chini ya sheria hiyo zilianzishwa hazina za wenyeji. Kodi ya vibanda na vichwa ilikusanywa kwa mikono ya machifu na majumbe. Sehemu ilikwenda katika hazina kuu, na sehemu ilirudishwa katika hazina ya wenyeji. Heshima na tunu ambazo watu walikuwa wakiwapa machifu wao kwa desturi ziligeuzwa kuwa mshahara. Chifu ambaye zamani alikula kwa radhi ya watu wake sasa alikula kwa hundi ya serikali, na kwa hiyo alijua uso wake uelekee upande gani.

Makadirio ya hazina hizo yaliandikwa chini ya jicho la Bwana Shauri, yakapitia kwa Mkuu wa Jimbo, wala hayakuwa na nguvu mpaka yakubaliwe juu. Fungu kubwa lilikwenda katika mishahara ya machifu, makarani, na matarishi, yaani katika gharama ya kuwatawala watu wale wale waliolipa. Kilichobaki kilitengeneza njia, masoko, na zahanati. Hapa yafaa kusema haki. Zahanati zilijengwa, na shule kadhaa zilijengwa; makarani wengi walijifunza uandikaji wa hesabu, na elimu hiyo ilifaa baada ya uhuru. Mtu mkweli hawezi kuyakana hayo. Lakini swali si kama shilingi ilitumika vizuri au vibaya. Swali ni nani aliyekuwa na haki ya kuizuia. Mlezi aweza kumvisha yatima nguo nzuri kwa mali ya yatima mwenyewe. Nguo hiyo haithibitishi kuwa yatima amekabidhiwa urithi wake.

Jibu la watu wenyewe lilitolewa Upare, na ni ajabu kuwa wasifu wa hazina za wenyeji hulipita upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliwekwa huko kodi ya hazina ya wenyeji iliyopanda kwa kadiri ya mali ya mtu. Kwa nadharia za vitabuni kodi hiyo ilikuwa ya haki kuliko ile ya wote sawa, tena ilikuwa kodi ya mahali kwa matumizi ya mahali. Watu waliiita mbiru, wakaikataa. Mwezi wa Januari 1945 maelfu yao walishuka Same, makao ya wilaya, wakakaa huko kudai iondolewe. Na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Wapare walikuwa tayari kulipa kodi kubwa zaidi iliyo sawa kwa wote, mradi mbiru ifutwe. Wasomi wapenda nadharia huona hapa ujinga wa watu wa milimani. Lakini palikuwa na hekima. Watu wale walijua kuwa kodi ipimwayo kwa mali huhitaji mpimaji, na mpimaji wao hakuwa mtu waliyemchagua wala ambaye wangeweza kumwondoa. Walikataa kumpa mtumishi wa serikali ruhusa ya kuingia katika mazizi na maghala yao kwa jina la hazina iliyoitwa yao. Mwisho kodi ile ilifutwa.

Ikiwa watu wa wilaya walipewa angalau jina la hazina, wakazi Waafrika wa Dar es Salaam walipewa upungufu zaidi. Mamlaka ya mji iliyowekwa na Waingereza mwaka 1920 ilikuwa ya kuteuliwa, nayo haikuwa na uwezo wa kujitegemea katika fedha. Mji ulikatwa mikato mitatu: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga. Mwafrika wa mjini alilipa kodi ya serikali, na mwenye nyumba alilipa pango la kiwanja alichokalia kwa idhini tu. Lakini chifu hakuwa naye, na hazina ya wenyeji ya namna iliyosifiwa mashamba haikumfaa, kwa kuwa katika mawazo ya watawala mji haukuwa kwao. Alihesabiwa mgeni katika mahali alipozaliwa watoto wake. Mgeni hulipa malazi. Hapangi mambo ya nyumba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wakaongezeka, na mwaka 1947 makuli wa bandari wakagoma, na mgomo wao ukaenea nje ya mji. Serikali ikaona kuwa dhiki ya mjini ni hatari. Nyumba na viwanja vikapimwa Ilala, Temeke, Magomeni, na baadaye Kinondoni. Ndipo viunga hivi vilipoanza kuchukua umbo lao la leo. Mwaka 1949 Dar es Salaam ikafanywa manispaa, nayo ilikuwa ya kwanza katika Tanganyika. Kwa mara nyingine karatasi ilikuwa safi: baraza, meya, makadirio ya mapato na matumizi, kodi ya majengo. Lakini katika miaka ya mwanzo wajumbe waliteuliwa, na mizani ya viti ilifuata rangi za watu, si wingi wao. Kanuni iliyotawala ilikuwa kwamba mwenye jengo la thamani hulipa zaidi, basi astahili huduma zaidi. Ukiitazama juujuu, kanuni hii ni ya haki. Ukiuliza ni nani aliyemzuia Mwafrika kujenga jengo la thamani, kwa sheria za ujenzi, kwa umiliki wa kiwanja usio na uhakika, na kwa mshahara mdogo, utaona kuwa ni hukumu inayojishuhudia yenyewe. Mtu alifanywa maskini kwanza, kisha akanyimwa mfereji kwa sababu ni maskini.

Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye kitabu chake juu ya sheria za kutunga mashairi kilichapishwa mwaka 1954, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Ilikuwa siku njema. Lakini meya huyo alirithi mji ambao makadirio ya miaka 40 yalikuwa yamekwisha kuandikwa juu ya ardhi yake. Makadirio ya fedha si tarakimu za daftari peke yake. Yakitekelezwa hugeuka lami, mabomba, na mitaro ya maji machafu, na yasipotekelezwa hugeuka vumbi na madimbwi. Daftari laweza kufungwa kwa siku moja. Mtaa uliosahauliwa na daftari hilo hauwezi kunyooshwa kwa siku moja. Hiki ndicho kipimo cha kweli cha fadhila ya ukoloni katika fedha, nacho hakihitaji maktaba. Huonekana kila mvua za masika zinyeshapo na maji ya bonde la Msimbazi kupanda kuelekea Magomeni na Kigogo.

Baada ya kusema hayo, ni wajibu kukataa pia udhuru wa upande wa pili. Wako wanaofurahi kusikia ukoloni ukishitakiwa, kwa kuwa kila shitaka jipya juu ya wafu huwapunguzia deni walio hai. Ukoloni haukuwepo mwaka 1972, mabaraza ya wilaya yalipoondolewa katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya miji yakafuata. Jina lilikuwa la kupeleka madaraka kwa watu; kilichopelekwa ni watumishi wa serikali kuu, na waliochaguliwa na watu ndio walioondoka. Miji ikadhoofika hata ikabidi mabaraza yake yarudishwe kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za serikali za mitaa, mojawapo ikihusu fedha zake. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, ikawekwa tume. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa za Kinondoni, Ilala, na Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, na Ilala ikapewa cheo cha jiji. Huenda kila tendo lilikuwa na sababu yake, na baadhi ya mabaraza yaliyovunjwa yalikuwa yameoza kweli. Lakini mwenye kumbukumbu ya mwaka 1909 hawezi kukosa kuona kuwa desturi ya kuunda na kuvunja kwa amri haikupanda meli pamoja na wageni.

Kodi ya majengo yenyewe imekuwa kama mpira. Imetoka katika halmashauri kwenda mamlaka ya mapato ya taifa, ikarudi, ikaenda tena. Tangu mwaka 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji umekuwa mwepesi, na wepesi huo si jambo la kudharauliwa. Lakini mpangaji wa chumba kimoja Tandika, aingizaye tarakimu za umeme usiku, hulipia jengo lisilo lake, kisha huambiwa amdai mwenye nyumba. Na mwenye nyumba naye haoni uzi unaoiunganisha shilingi ile na mtaro wa mtaa wake. Kodi isiyo na mtu wa kuulizwa ni kodi rahisi kutoza, na ndiyo sababu Wajerumani na Waingereza waliipenda.

Vivyo hivyo kuhusu kupanga. Katika mkutano wa mtaa watu huulizwa mahitaji yao, nao hutaja zahanati, kivuko, na barabara. Orodha huandikwa na kupelekwa kata, kisha manispaa. Huko hukutana na ukomo wa bajeti uliokwisha kuwekwa na Hazina, na sehemu kubwa ya fedha za halmashauri ni ile itokayo serikali kuu ikiwa imekwisha kutajiwa matumizi yake. Diwani aliyechaguliwa Mbagala hujikuta anatetea makadirio ambayo hakuwa na nguvu ya kuyabadili, na mkurugenzi asiyechaguliwa na watu hao ndiye anayeyajua kwa undani. Tofauti na zama za Cameron ni kubwa: diwani amechaguliwa, sheria ni za nchi huru, na mtu aweza kuyasema haya hadharani. Kwa sababu hiyo hiyo, kuurithi mpango wa zamani na kuuacha uendelee ni kosa lenye udhuru mdogo kuliko la aliyeuanzisha.

Wako watakaouliza: je, watu wa viungani wana elimu ya kutosha kupewa haki ya kukataa makadirio? Swali hilo ni kongwe. Liliulizwa juu ya Wazaramo wa mwaka 1902 na juu ya Wapare wa mwaka 1945, na kila mara jibu lilitolewa na wale waliokuwa wanafaidika kwa kuliuliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kuwa daftari lisomwalo na mtu mmoja halitofautiani sana na kutokuwa na daftari. Mama anayeendesha upatu wa watu 20 Kinondoni hujua nani ametoa, nani amepokea, na zamu ya nani imefika. Hukabiliwa na wenzake uso kwa uso, naye akikosea huvuliwa kazi siku hiyo hiyo. Elimu ya kudai hesabu ipo uswahilini tangu zamani. Inayokosekana ni serikali yenye kukubali kudaiwa hivyo.

Basi wanafunzi wa historia na wa uchumi wasidanganywe na maneno mazuri ya nyaraka za kale. Kila wasomapo kuwa fedha ziligawiwa majimbo, wilaya, au wenyeji, waulize ni nani aliyepanga kodi, ni nani aliyepanga matumizi, na ni nani aliyeweza kukataa. Waulize hivyo kwa mwaka 1901, kwa mwaka 1926, na kwa mwaka 1949; kisha waulize hivyo hivyo kwa makadirio ya manispaa wanamoishi, yanayopitishwa kila mwaka. Itakapotokea kwamba mkutano wa mtaa wa Temeke umekataa hesabu iliyoletwa mbele yake, na hesabu hiyo ikarudishwa ikaandikwa upya, ndipo itakapofaa kusema kuwa mkoba umefika kwa wenyewe.